Mbona Gari Jeusi Likifika Juani Linaonekana Limechakaa?

Swali hili huulizwa na mtu aliyetoa fedha nyingi kununua gari zuri. Jioni, chini ya taa za yadi, Mercedes-Benz S-Class nyeusi iling'aa hadi akauona uso wake mlangoni. Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, boneti nzima imejaa vimikwaruzo vyembamba vinavyouzunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Anarudi yadi kulalamika, anaambiwa ndivyo rangi nyeusi ilivyo. Anakwenda kwa fundi, anaambiwa gari lipulizwe rangi upya.

Majibu hayo yote mawili yanampoteza. Rangi nyeusi haina kasoro, na kwenye magari mengi ya namna hii rangi yenyewe haijaguswa hata kidogo. Kilichoumia ni kitu kilicho juu yake, kitu chembamba sana, na kinaweza kurudishwa katika hali nzuri bila kupuliza rangi. Ila kinarudishwa kwa gharama ambayo mafundi wengi hawamwelezi mteja: kila kikinyooshwa, kinapungua.

Kinachokwaruzika si rangi

Bodi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa. Juu ya chuma kuna dawa ya kuzuia kutu, ambayo hupakwa kiwandani kwa kuitumbukiza bodi nzima kwenye bwawa na kupitisha umeme ili dawa ishike kila pembe. Juu yake kuna praima, yaani tabaka la kuushikisha uso na kuusawazisha. Kisha inakuja rangi yenyewe. Mwisho kabisa inakuja vanishi, tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo kazi yake ni kuleta mng'ao na kuikinga rangi na jua. Utaratibu huu wa rangi chini na vanishi juu ulienea katika magari kuanzia miaka ya 1980.

Unene wa tabaka hizi hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye gari ambalo halijawahi kupulizwa upya, tabaka zote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150. Karatasi moja ya kawaida ya ofisini ina takriban mikroni 100. Kwa hiyo rangi yote ya gari la kifahari, kutoka chuma hadi juu, ni karatasi moja au moja na nusu. Na vanishi peke yake ni mikroni 35 hadi 50 hivi, isiyozidi nusu ya karatasi hiyo. Humo ndimo mikwaruzo yote ya utando wa buibui ilimo, na humo ndimo fundi anamofanyia kazi.

Magari ya zamani ni habari nyingine. Mengi yalipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na vanishi juu. Njia ya kuyatambua ni rahisi: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka cheusi, unasugua rangi yenyewe. Kikibaki na rangi ya polishi tu, kuna vanishi.

Kwa nini nyeusi ndiyo inayosema yote

Mwanga ukiipiga vanishi wima, sehemu ndogo tu, kama 4 kwa 100, hurudi kutoka juu ya uso. Mwingi uliobaki huingia ndani mpaka kwenye rangi. Kwenye gari jeupe, rangi huurudisha mwanga huo kwa wingi na kuusambaza kila upande, ukazima kile kimetameta kidogo kinachotoka kwenye mkwaruzo. Kwenye gari jeusi, rangi huumeza. Jicho linabaki na mwanga wa juu ya uso peke yake, na kila mkwaruzo unaoupindisha mwanga huo huonekana dhahiri juu ya weusi.

Ndiyo maana gari jeupe lililoegeshwa kando ya lako, linaloonekana safi, huenda lina mikwaruzo mingi kuliko lako.

Na ile miduara? Wengi huamini imetokana na mkono uliosugua kwa kuzungusha. Jaribu hivi: simama mbele ya boneti juani, kisha piga hatua mbili kushoto. Miduara inakufuata. Hakuna mtu aliyelisugua gari kwa kufuata mahali utakaposimama wewe. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imelala kila upande, lakini ile tu iliyoukingama mwanga ndiyo inayourudisha kwenye jicho lako, na yote inayoukingama hujipanga kuuzunguka mwanga huo. Kusugua kwa mstari ulionyooka kutapunguza idadi ya pande ambazo mikwaruzo imeelekea. Hakutaizuia isitokee.

Weusi nao hautofautiani kwa jina tu. Mercedes-Benz wana nyeusi tupu yenye namba 040 na nyeusi yenye chembe za metali iitwayo Obsidian Black, namba 197. BMW wana Jet Black, namba 668, ambayo ni nyeusi tupu, na Black Sapphire, namba 475, yenye chembe. Chembe zile hurudisha mwanga kidogo kutoka ndani, na hivyo husaidia kuficha. Nyeusi tupu haifichi chochote. Toyota wana nyeusi yao, namba 202, ambayo wapiga polishi wanaijua kwa ulaini: taulo chafu likipita mara moja tu linaacha alama. Mwenye Land Cruiser ya namba hiyo asichukue ushauri wa mwenye Mercedes bila kuupima, kwa sababu mwishoni mwa 2003 Mercedes-Benz walianza kutumia vanishi yenye chembe ndogo mno za kauri kwa ajili ya ugumu. Vanishi hiyo haikwaruziki upesi, lakini ikishakwaruzika inahitaji polishi kali na muda mrefu zaidi kunyooshwa.

*Kwa ufupi: mikwaruzo iko kwenye vanishi, unene wa vanishi hauzidi nusu ya karatasi, na rangi nyeusi inaionyesha tu, haiizalishi.*

Mkono wenye mapenzi

Mikwaruzo hii haiji yenyewe barabarani. Inaletwa na usafi.

Pita asubuhi kwenye maegesho ya ofisi yoyote kubwa, Upanga au Upper Hill, utawakuta madereva wanafuta magari ya wakubwa wao kwa kitambaa kikavu. Wanaipenda kazi yao, na gari la bosi lenye vumbi ni aibu kwa dereva. Lakini vumbi la barabara zetu lina mchanga, na punje za mchanga kwa kiasi kikubwa ni kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida na gumu mno kuliko vanishi. Kitambaa kikavu kinaibana punje juu ya vanishi na kuiburuta kutoka kioo hadi taa. Mara tano kwa wiki, mwaka mzima, kwa nia njema kabisa.

Mahali pa pili ni pa kuoshea magari. Ndoo moja, sponji moja. Sponji ile ile iliyosugua rimu, penye unga wa chuma unaotoka kwenye breki, inapanda kwenye boneti. Kisha gari linakaushwa kwa fulana kuukuu ambayo imekausha magari mengine tangu asubuhi. Simlaumu kijana anayeosha. Analipwa kidogo, anaharakishwa, na hakuna aliyemfundisha. Wa kulaumiwa zaidi ni sisi wenye magari, tunaosimama pembeni tukimhimiza asugue kwa nguvu.

Pwani kuna la ziada. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yakikaukia juani huacha madoa meupe ya chokaa, na madoa hayo yakikaa muda mrefu huila vanishi. Kinyesi cha kunguru nacho kikikaukia juu ya boneti yenye joto huacha alama iliyodidimia. Alama hizo si mikwaruzo, ila huishia kwa fundi yule yule.

Kunyoosha au kuficha

Kuna vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja la polishi. Nawaomba wasomaji wavitofautishe, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Cha kwanza ni polishi ya kweli. Ina chembe ngumu na ndogo sana, nyingi zikiwa za oksaidi ya alumini, ndani ya majimaji ya kulainisha. Ikisuguliwa hukwangua vanishi kidogo kidogo mpaka uso wa juu ushuke na kufikia kina cha mkwaruzo. Mkwaruzo haujajazwa na chochote; kingo zake ndizo zilizoondolewa. Ile yenye chembe kali huitwa kompaundi, na ile laini hutumika kumalizia. Ujuzi wenyewe ni wa zamani kuliko magari mengi: kampuni ya Meguiar's ya Marekani ilianza 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani.

Cha pili ni mafuta, nta na vijazio vinavyoingia ndani ya mkwaruzo na kuuziba. Gari linang'aa siku hiyo hiyo, linapigwa picha, linauzwa. Likioshwa mara chache kwa sabuni, utando wa buibui unarudi wote. Yule mnunuzi wa S-Class hakuibiwa usiku kwa uchawi. Alitazama vijazio chini ya taa hafifu.

Kipimo cha kutofautisha ni alkoholi. Chukua spiriti isiyo na mafuta wala rangi, ichanganye na maji safi, futa taratibu sehemu iliyopigwa polishi, kisha itazame juani au kwa tochi kali. Kazi ya kweli itabaki kama ilivyo. Kazi ya kuficha itajifichua papo hapo. Fundi mzuri hufanya jambo hili mwenyewe kabla hujamwomba, kwa sababu hata polishi ya kweli ina mafuta yanayoweza kumdanganya yeye pia.

Pima kabla ya kusugua

Kifaa ambacho ningependa kila fundi wa polishi awe nacho ni kipima unene wa rangi. Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Juu ya chuma hutumia usumaku, na vile vilivyo bora hupima pia juu ya alumini kwa njia ya umeme, jambo muhimu kwa sababu magari mengi ya kifahari yana boneti au milango ya alumini. Kwenye bampa, ambalo ni plastiki, vipimo vya kawaida havisomi kitu.

Ukiona mikroni 110 kwenye mlango, 115 kwenye boneti na 108 kwenye buti, hiyo karibu bila shaka ni rangi ya kiwandani. Mlango mmoja ukisoma 250 wakati mingine ni 110, mlango huo umepulizwa upya. Ukisoma zaidi ya 1,000, chini yake kuna puti, na gari liligongwa. Mnunuzi wa gari la mkono wa pili hapati ushahidi mwepesi kuliko huu.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinakuambia unene wa tabaka zote kwa pamoja. Hakikuambii vanishi peke yake imebaki kiasi gani. Kwa hiyo sehemu inayosoma 80 kwenye gari ambalo kwingine ni 115 ni onyo kwamba mtu alishapita hapo na mashine.

Polishi nyepesi huondoa mikroni 1 hadi 3 hivi. Kompaundi kali inaweza kuondoa 5 au zaidi, na msasa wa maji huondoa zaidi ya hapo. Ushauri unaozoeleka miongoni mwa wajuzi ni kwamba katika maisha yote ya gari isiondolewe zaidi ya mikroni 8 hivi ya vanishi, kwa sababu kinga yake dhidi ya mionzi ya jua hupungua inavyokonda. Vanishi iliyokondeshwa sana hufa miaka kadhaa baadaye: inafifia, inaweka mabaka meupe, inabambuka. Umeshayaona magari ya namna hiyo, paa likiwa limebabuka kama lina ugonjwa wa ngozi. Hapo ndipo kupuliza upya kunakuwa lazima.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu anayelipeleka gari kupigwa kompaundi kila sikukuu anamaliza akiba yake ndani ya miaka michache.

Kazi yenyewe

Gari linaoshwa kwanza, tena vizuri kuliko siku zote, maana punje moja ya mchanga chini ya pedi inayozunguka huharibu zaidi ya mwezi mzima wa kitambaa cha dereva. Inapulizwa dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma. Ikikutana na chembe hizo hugeuka zambarau na kutiririka, jambo linalowashtua wengi wanaoliona mara ya kwanza. Kisha udongo maalumu wa kusafishia, ulio laini kama ule wa watoto wa kufinyanga, unapitishwa juu ya uso uliolowa ili kung'oa kilichonasa. Plastiki, mpira na kingo zinazibwa kwa tepu.

Hapo ndipo mashine inapotoka, na ziko za aina mbili. Mashine ya mzunguko mmoja huzunguka mahali pamoja kwa nguvu. Inakata haraka, inatoa joto jingi, na katika mkono usiozoea huacha vivuli virefu vinavyocheza juani, ambavyo mafundi huviita hologramu. Mashine ya mizunguko miwili huzunguka huku ikiyumba, hivyo chembe hazipiti njia ile ile mfululizo na joto ni kidogo. Flex ya Ujerumani, kampuni iliyoanza 1922, inajulikana kwa aina zote mbili. Rupes ya Italia, iliyoanza 1947, ndiyo iliyoupa umaarufu mwendo mpana wa kuyumba kwa mashine zake za BigFoot, za milimita 15 na 21. Kwa rangi nyeusi, maoni yangu hayayumbi: fundi asiye na miaka mingi kazini asiiguse S-Class nyeusi kwa mashine ya mzunguko mmoja. Hologramu nyingi ninazoonyeshwa na watu wanaodhani ni mikwaruzo ya kuosha zimetokana na fundi aliyelipwa kuiondoa hiyo mikwaruzo.

Kazi huanza kwa sehemu ya majaribio, mraba wa sentimita 50 hivi katikati ya boneti. Fundi anaanza na polishi laini na pedi laini ya sponji. Ikitosha, ataitumia hiyo gari zima. Isipotosha, anapanda ngazi: polishi kali kidogo, pedi ngumu zaidi, kisha pedi ya maikrofaiba au ya sufi. Kuanza na kali ndiyo njia ya haraka, na ndiyo inayomaliza vanishi bure kwenye gari lililohitaji mikroni 2 tu.

Mashine inakwenda taratibu, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mapito yakilaliana. Pedi inasafishwa baada ya kila mraba, kwa sababu inabeba vanishi iliyokatwa, na vanishi hiyo ikikauka inakwaruza. Kwenye rangi laini kama ile ya 202, hata kufuta mabaki ya polishi kwa taulo lisilo safi hurudisha mikwaruzo iliyoondolewa dakika moja kabla. Gari linafanyiwa kazi kivulini. Boneti nyeusi iliyokaa juani haigusiki, na polishi hukaukia juu yake kabla haijafanya kazi.

Kingo na mikunjo ya bodi ndipo penye hatari kubwa. Pale vanishi huwa nyembamba kuliko popote, na pedi hukandamiza kwa nguvu zaidi. Weusi ukionekana kwenye pedi wakati gari lina vanishi, kazi imeharibika; hakuna polishi itakayoirudisha vanishi iliyokwisha. Fundi mwenye busara hufunika kingo hizo kwa tepu na kuzimalizia kwa mkono.

Baada ya kompaundi, gari jeusi linahitaji pito la pili la polishi laini. Gari jeupe linaweza kusamehewa hatua hii. Jeusi haliwezi, kwa sababu kompaundi huacha ukungu wake mwenyewe. Kwa sedani kubwa, kazi yote hii hula siku mbili, mara nyingine tatu. Anayekuahidi saa mbili anakupaka mafuta.

Kuitunza iliyonyooshwa

Vanishi ikishanyooshwa hufunikwa. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, huipa nyeusi kina kizuri mno, lakini katika jua letu haidumu muda mrefu. Mipako ya kauri hudumu zaidi na hufanya uchafu utoke kwa urahisi. Ila tahadhari mbili. Mpako wa kauri haufuti mikwaruzo; ukipakwa kabla ya kunyoosha, unaifungia ndani. Na ile 9H iliyoandikwa kwenye chupa ni daraja la penseli, kwa maana ya jaribio la kukwaruza uso kwa penseli za ugumu tofauti. Haina maana kwamba mchanga hautakwaruza.

Kitakacholinda kazi ya fundi ni namna gari linavyooshwa siku zinazofuata. Mpe dereva wako, au kijana wako wa kuosha, vitu hivi:

- Ndoo mbili: moja ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia glavu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni.
- Glavu laini ya kuoshea bodi, na sponji tofauti kabisa kwa matairi na rimu.
- Maji mengi ya kuondoa vumbi kabla mkono haujagusa bodi.
- Mataulo safi ya maikrofaiba ya kukaushia, gari likiwa kivulini. Lililoanguka chini lirudi kufuliwa.

Na kile kitambaa kikavu cha asubuhi kiondoke garini. Gari jeusi lenye vumbi jembamba halijaumia. Mwambie hivyo dereva wako, naye asione ni uzembe kuliacha na vumbi hadi siku ya kuosha.

Mkwaruzo wa kuuacha

Hata kazi nzuri huacha kitu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo taratibu: ukikwama, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko vanishi unayoweza kuitoa salama. Fundi anaweza kuzilainisha kingo zake ili usimetemete sana, na hapo asimame. Mteja anayemlazimisha aufute kabisa anadai aondolewe mikroni 10 au 15 mahali penye 40, kwa ajili ya mstari ambao hauonekani mtu akisimama hatua tatu.

Kabla ya kulipa, basi, omba mambo matatu: usomaji wa unene kabla na baada, sehemu ya majaribio uione juani ikiwa imefutwa kwa alkoholi, na orodha ya mikwaruzo ambayo fundi mwenyewe amependekeza iachwe. Fundi asiye na orodha hiyo, mpe gari jingine, hilo jeusi usimpe.